Hesabu Mpaka Lizime

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alipozungusha ufunguo stata ikavuta, injini ikashika, silinda zote sita zikaitikana, na gereji ile ya Shimanzi, hapa Mombasa, ikajaa mngurumo ambao watu wa rika lake hawausahau. Akauachia ufunguo. Kimya.

Akarudia. Injini ikashika. Akauachia. Kimya tena.

"Umeona, fundi?" alisema, kiganja kikielekea dashibodi, kama mzazi anayemwonyesha daktari mahali panapomuuma mtoto. "Mwezi wa nne huu. Linakubali, halafu linakataa."

Fundi, mzee aliyekwisha kupita miaka 75, kofia ya kiua kichwani na kikombe cha kahawa tungu mkononi, hakuinuka. Hakuuliza plagi zilibadilishwa lini wala mafuta yalitiwa wapi. Aliuliza jambo moja.

"Mkono wako ulikuwa wafanya nini lilipozima?"

Mjomba akafikiri kidogo. "Haukufanya kitu. Niliuachia ufunguo tu."

"Basi ulifanya kitu," fundi akasema, akaweka kikombe chini.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, nyekundu, boneti nyeusi. Kwa vijana waliokulia kwenye magari yanayoshushwa Kilindini yakiwa yameshatembea Japani, jina hilo huenda halina uzito. Kwa mjomba ni jina la ujana wake. Nissan, mtengenezaji wa Datsun, ililizindua mwishoni mwa mwaka 1969, na kwao Japani likaitwa Fairlady Z: viti viwili, pua ndefu, mkia mfupi, injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili ubavuni. Lilikuwa na umbo na mwendo wa magari ya mbio ya Ulaya, ila bei yake mtu wa kipato cha kawaida kule Marekani aliweza kuifikiria bila kuota.

Lakini huku kwetu halikupendwa kwa sababu ya bei. Lilipendwa kwa sababu ya Pasaka. Mwaka 1971, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na msomaji ramani wake Hans Schüller walishinda Safari Rally, iliyokuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, wakiwa ndani ya 240Z, na nafasi ya pili ikashikwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Miaka miwili baadaye, mwaka uleule ambao mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali yalianza, Mehta alirudi na Lofty Drews. Alimaliza akiwa amelingana pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa ndani ya Datsun ya aina nyingine, wakatenganishwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ni Mehta. Mtu huyo alizaliwa Uganda, akapoteza makao yake mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa na Idi Amin, na akaanza upya Kenya. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ndiyo maana wazee wa hapa wakilitaja jina lake hushusha sauti kidogo.

Mjomba alikulia Taita. Pasaka za utoto wake alizipitisha kando ya barabara ya vumbi akingoja magari ya Safari, na mpaka leo husema kwamba 240Z ulikuwa unaisikia kabla ya kuiona. Alipopata hii yake, akiwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, aliipaka rangi nyekundu na boneti nyeusi kama zile za timu ya kiwanda. Nayataja haya ili msomaji aelewe ni kitu gani kilichokuwa kimelala pale Shimanzi. Halikuwa gari la kwenda sokoni.

Kabla ya kufika kwa mzee huyu, lilikuwa limepita gereji mbili. Ya kwanza ilibadilisha plagi, nyaya za plagi na koili. Ya pili ilifungua kabureta zote mbili, ikang'oa pampu ya mafuta iliyotoka na gari kiwandani, ikafunga ya umeme iliyotoka kwenye gari jingine. Kila mara mjomba alilipa, na kila mara alirudishiwa gari lilelile: linawaka, linazima. Vitu vilivyotolewa alikabidhiwa ndani ya gunia. Namshukuru Mungu kwamba alilichukua gunia lile, maana watu wengi huliacha.

Hapa ndipo ninapoumia, na sitaki kulisema nusunusu. Mtindo wa kubadilisha kitu kimoja baada ya kingine mpaka gari likubali unaua magari ya zamani kuliko kutu. Gari la mwaka juzi ukilibadilishia pampu isiyohitaji kubadilishwa, umepoteza fedha. Gari la mwaka 1972 ukilitoa pampu yake nzima na kuitupa, umepoteza kitu ambacho hakitatengenezwa tena kwa mkono ule, na badala yake umeweka kitu ambacho fundi wa kesho hatakijua. Baada ya gereji tatu au nne gari linakuwa na maradhi mapya yasiyokuwepo, juu ya yale ya kwanza ambayo hayajaguswa. Hapo ndipo mwenyewe huchoka, akalifunika turubai nyuma ya nyumba, na kuku wakapata mahali pa kulala. Nimeyaona hayo Mombasa, nimeyaona Malindi.

Na inauma zaidi kwa sababu ugonjwa huu hasa, wa kuwaka na kuzima, ni miongoni mwa yale yanayojieleza vizuri. Gari lisilowaka kabisa linaweza kuwa na lolote. Lakini lililowaka, hata kwa sekunde mbili, limeshakutolea ushahidi mzito. Injini ya petroli inataka hewa, inataka mafuta, inataka cheche itokee kwa wakati wake, na inataka silinda zinazobana. Ikishika, ina maana kwa sekunde zile mbili vyote vilikuwepo. Kwa hiyo usitafute kisichokuwepo. Tafuta kilichoondoka, na ujue kiliondoka wakati gani. Saa ya mkononi ni kifaa cha kwanza kabla ya spana.

Mzee alitoa mfukoni taa ya kupimia aliyojitengenezea: balbu ndogo ya indiketa ya pikipiki, imelehemewa nyaya mbili, kila waya na kibanio chake. Kibanio kimoja akakishikiza kwenye bodi ya gari, cha pili kwenye skrubu ya koili inayopokea umeme. Akaniambia nisiangalie injini, niangalie balbu.

"Washa."

Stata ikavuta, balbu ikawaka, injini ikashika.

"Achia."

Balbu ikazimika papo hapo. Injini ilizunguka nusu pumzi zaidi kwa nguvu zake yenyewe, kisha ikafuata. Nilikuwa nimesimama kwenye gereji nyingi maishani, na sijawahi kuona jambo likisemwa wazi namna ile na balbu ya pikipiki.

Sababu yake inataka maelezo kidogo. Katika magari mengi ya miaka hiyo koili, inayozipa plagi umeme wa cheche, hupata umeme kwa njia mbili. Haikutengenezwa kula volti 12 zote muda wote, ikila hivyo itachemka, na zile pointi ndani ya distributa, vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kuzalisha cheche, zitaungua upesi. Kwa hiyo umeme unapitishwa kwanza kwenye kipande cha kauri nyeupe chenye waya wa kuupunguza. Lakini stata inapovuta, betri inazidiwa, volti zinashuka, na cheche ingekuwa dhaifu wakati uleule inapohitajika zaidi. Wahandisi wakaweka njia ya pili, ya mkato: muda wote ufunguo ukiwa umebanwa mahali pa kuwashia, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye koili bila kupita kwenye kauri. Ukiuachia ufunguo, njia ya mkato inakatika na ile ya kawaida inapokea kazi.

Sasa ikiwa njia ya kawaida imekufa, gari litawaka vizuri kabisa kwa njia ya mkato, na litazima mara tu mkono wako unapolegea. Halizimi baada ya sekunde tano wala kumi. Linazima na mkono. Mjomba alikuwa ameibeba habari hiyo kiganjani mwake miezi minne, na hakuna aliyemuuliza.

Wengi wakishafika hapa hukimbilia kununua kile kipande cha kauri, na mara nyingi huwa ndicho chenye kosa, kwa kuwa waya wake huungua na kukatika. Mzee hakukimbia. Aligusa upande ambao umeme unatokea, hakuna kitu. Akagusa upande ambao umeme unaingilia. Hakuna kitu pia. "Kauri haina makosa," akasema. "Huyu hajaletewa chakula, utamlaumu kwa kutopika?"

Akaenda ndani ya gari, akalala chali chini ya usukani kwa namna ambayo mtu wa umri wake hapaswi kulala. Katika 240Z waya wa umeme wa koili hauendi moja kwa moja kutoka kwenye swichi hadi mbele. Unazunguka kwanza nyuma ya dashibodi na kupita kwenye ile saa inayoonyesha mizunguko ya injini, kwa sababu saa hiyo husoma mapigo ya umeme unaopita ndani ya waya huo. Ni ubunifu mzuri, lakini maana yake ni kwamba maunganisho ya nyuma ya saa yakilegea, unapoteza injini. Aliichomoa saa ile taratibu, akavuta nyaya, na hapo tukaukuta mkanda mweusi wa fundi umeme.

Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alifunga redio. Alihitaji umeme, akakata waya uliokuwa karibu, akasokota ncha tatu pamoja kwa vidole, akazungushia mkanda. Sitamlaumu sana, huenda alikuwa kijana na bosi alikuwa anamharakisha. Lakini hewa ya bahari haisamehe. Mzee alipoufungua mkanda, gundi ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama lami, ikamganda kwenye kucha. Ndani yake shaba ilikuwa ya kijani, ile kijani ya sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani msimu mzima wa mvua. Alipoigusa kwa ncha ya bisibisi, nyuzi zilivunjika moja moja kama majani makavu ya chai.

Alikata pande zote mpaka akakuta shaba nyekundu, akaweka kipande kipya cha waya wa unene uleule, akalehemu, akavalisha mpira mwembamba juu yake. Redio aliitafutia umeme wake mahali pengine, wenye fyuzi yake. Kazi yote haikumaliza saa moja. Mjomba akazungusha ufunguo, akauachia, na gari likabaki hai. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, hasemi kitu.

Niliporudi siku iliyofuata kumshukuru, nilimwomba mzee anieleze saa nyingine za kuzimia. Alieleza huku anafanya kazi nyingine, na nikaandika nyuma ya risiti. Gari likikaa hai nusu dakika hivi kisha likafa, fikiria mafuta. Kabureta ina bakuli, na ndani ya bakuli kuna boya linalopanda na kushuka kama boya la tangi la maji nyumbani, likifungua na kufunga sindano inayoruhusu petroli kuingia. Bakuli likiwa limejaa tangu jana, injini itawaka na kunywa kilichomo hata kama pampu imekufa. Kikiisha, imekwisha. Ukipiga tena stata muda mrefu na gari likakataa kabisa, umepata jibu. Kwenye 240Z pampu ya asili iko mbele ya kichwa cha injini, inasukumwa na kemshafti yenyewe, na kuipima ni rahisi: unachomoa waya wa koili ili pasiwe na cheche, unachomoa mpira wa mafuta unaoelekea kwenye kabureta, unautia ndani ya chupa yenye mdomo mpana, mwenzako anapiga stata, na unaangalia petroli inavyoruka kwa mapigo. Mapigo yakiwa dhaifu, kabla ya kuihukumu pampu angalia chujio. Gari lililolala miaka miwili tangi lake huwa na kutu, na petroli iliyolala huacha utomvu unaoziba kila tundu dogo.

Likiwa linaishi ukikanyaga akseleta na linakufa ukitoa mguu, hiyo ni habari nyingine, mafundi husema gari halishiki sailensi, yaani halitaki kunguruma polepole likiwa limesimama. Mara nyingi kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya kabureta na kukifanya chakula cha injini kuwa chepesi mno. Mzee hutia ncha ya kipande cha mpira sikioni na kuitembeza ncha ya pili kando ya maungio, mpaka asikie mluzi. Mpira mnene unaokwenda kwenye breki ndio anaouminya kwanza kwa koleo, injini ikitulia, mwizi kapatikana. Na ikiwa ni asubuhi na gari linazima baada ya sekunde chache mpaka lipate joto, vuta choki kwanza kabla ya kufungua lolote. Kuna watu wazima wenye magari ya zamani ambao hawajawahi kuambiwa kile kishikio ni cha nini.

Joto nalo lina saa yake, na sisi wa pwani tunaijua zaidi ya watu wa Limuru. Koili mbovu, au ile kondensa ndogo ya kwenye distributa, inaweza kufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kukata ikishachemka, halafu ikarudi baada ya kupumzika kana kwamba hakuna kilichotokea. Petroli yenyewe pia inaweza kugeuka mvuke. Katika injini hii mabomba ya moshi yako upande uleule wa kabureta, tena chini yake, na ukisimama robo saa kununua mahamri huku jua la adhuhuri limekaa juu ya boneti, joto lote hupanda. Unawasha, gari linakwenda mita mia mbili, linakohoa, linasimama. Ngao ya bati iliyowekwa na kiwanda kati ya mabomba na kabureta ina kazi hiyo hasa, na ndiyo ambayo mafundi wengi huiacha nje wakirudisha kabureta kwa sababu inasumbua kuifunga. Mzee huyu aliikuta ndani ya gunia la mjomba, akairudisha.

Katika mazungumzo hayo alipandisha sauti mara moja tu. Ni nilipotaja desturi ya kumwaga petroli kwa chupa ya soda moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta ili gari lishike. Alikunja mkono wa shati, akanionyesha ngozi ya kuungua kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. "Mwaka wa kwanza wa kazi yangu," alisema. Injini ikirudisha moto nyuma, moto ule unakuja kwenye chupa uliyoishika. Naomba yeyote anayesoma haya na bado anafanya hivyo aache leo, na awe na kizimamoto karibu kila anapofungua bomba la mafuta.

Siku ya tatu mjomba alinipigia simu akiwa kwenye Daraja la Nyali, magari yanampigia honi. Lilikuwa limezima tena.

Alikuwa amevunjika moyo kiasi kwamba alikuwa anazungumzia kuliuza. Kwake ulikuwa ugonjwa uleule, umerudi: linawaka, kisha linazima. Nilimtafuta mzee kwenye simu nyingine, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Limezima ghafla, au limezima kwa kulegea?"

Limelegea. Lilianza kukosa nguvu kwenye kimlima cha daraja, likakohoa mara mbili tatu, likafa polepole. Umeme ukikatika, gari huzima kama taa. Mafuta yakikatika, huzima kama mtu anayesinzia.

"Kwa dakika ngapi tangu alipoliwasha?"

Kumi, au kumi na mbili.

"Mwambie afungue kifuniko cha tangi, aweke sikio karibu."

Nilimsikia mjomba kwenye simu akitoka, nikasikia mlango, honi, upepo wa kule juu ya maji. Kisha akasema, "Limevuta pumzi!" Hewa ilikuwa imeingia ndani ya tangi kwa sauti aliyoisikia hata katikati ya kelele zile. Alirudi kwenye usukani, akawasha, gari likashika na likafika Nyali bila kusita, kifuniko kimelegezwa kidogo.

Tangi lazima lipumue. Petroli inavyotoka, hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa ikizuiwa, ndani ya tangi panabaki mvuto unaoongezeka dakika baada ya dakika, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Mtoto aliyewahi kunyonya maji kwenye chupa ya plastiki bila kuachia mdomo anaijua hali hiyo. Ukisubiri, hewa kidogo hujipenyeza, gari linawaka, unapewa dakika nyingine kumi. Kwa hesabu ya harakaharaka ugonjwa huu na ule wa waya yanafanana jina. Kwa saa ya mkononi hayajawahi kukutana.

Tulipofungua pembe ya nyuma ya gari, nyuma ya mapambo, tulikuta mipira ya kupumulia ya tangi imekatwa na kuzibwa kwa skrubu. Ni jambo linaloeleweka. Mipira ile huzeeka na kupasuka, harufu ya petroli inajaa ndani ya gari, mke na watoto wanalalamika, na fundi mmoja anaona dawa ya haraka ni kuziba. Harufu ikaisha, kweli. Mzee alitafuta mipira inayostahimili petroli, akaipima kila mmoja kwa kamba kabla ya kuikata, akairudisha yote njia yake. Halafu akachukua gunia, akatoa ile pampu ya asili iliyong'olewa, akaisukuma kwa kidole gumba mara kadhaa akiwa ameziba tundu la kutolea, akasikiliza. Ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima muda wote. Aliifunga mahali pake, na ile ya umeme akamrudishia mjomba, isafiri yenyewe ndani ya gunia.

Msomaji mwenye gari la mbio la kizazi kilichofuata, lenye sindano za kunyunyizia badala ya kabureta, asifikiri hesabu hii haimhusu. Katika 280Z za mwanzo, zilizotoka mwaka 1975, kuna kilango ndani ya njia ya hewa. Wakati wa kuwasha, pampu ya mafuta hupewa umeme na ufunguo, na ukishauachia, pampu inaendelea tu ikiwa hewa inakisukuma kilango kile. Kilango kikikwama, au hewa ikiingilia pembeni kwa mpira uliopasuka, gari linawaka na kuzima kwa namna inayofanana kabisa na waya wa mjomba. Wenye Porsche 944 wanaijua relei moja ndani ya sanduku la fyuzi inayolisha kompyuta na pampu ya mafuta, ambayo lehemu yake ya ndani hupata nyufa na kukatika ikipata joto, wengi hutembea na ya akiba. Na magari ya Ulaya ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliyokuja na ulinzi wa kielektroniki huweza kuwaka na kujizima baada ya sekunde moja au mbili kwa sababu tu hayakuutambua ufunguo. Hapo hakuna plagi wala pampu itakayosaidia, na mtu anaweza kumaliza mshahara kabla ya kujua.

Mzee hakutaka kupigwa picha kwa ajili ya makala hii. Alisema kazi ile si ya kupigiwa picha, waya mmoja na mipira michache. Nilimuuliza alijifunza wapi kuuliza kabla ya kushika spana. Alisema wakati anaanza, spea zilikuwa hazipatikani, ukitupa kitu huna cha kuweka, kwa hiyo ilibidi uwe na hakika. Sasa spea ni nyingi na vijana wake wanamwona mwepesi wa maneno na mzito wa mikono. Mmoja wao, kijana wa miaka kama 20, alikuwa amesimama karibu siku ile ya balbu. Wiki iliyofuata nilimkuta anajilehemea ya kwake.

Jumapili iliyopita mjomba alinipitia alfajiri, tukaelekea Mariakani, madirisha chini, kabla ya malori hayajajaa barabarani. Nje ya nyumba yangu alikuwa amelizima ili asiwaamshe majirani. Alipozungusha ufunguo kuondoka, injini ikashika, akauachia, na nikaona midomo yake inacheza. Moja, mbili, tatu. Tulifika lango la mtaa akiwa kwenye arobaini. Tulipoingia barabara kuu ya Nairobi, akabadilisha gia na gari likanyanyua pua, bado alikuwa anahesabu.